Duara la Mita 400: Mwongozo wa Kuchora Maduara Juu ya Ramani ya Simu

Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania, iliyotolewa mwaka 2002, iliwawekea wakaao vijijini kipimo kilicho bayana: kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, kila mtu apate lita 25 kwa siku, na mwananchi asilazimike kwenda zaidi ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ili kuyafikia maji hayo. Katika vipimo hivyo vitatu, cha mwisho ndicho kinachotamanisha kuchorwa; kwani mtu akiwa na simu yenye ramani, na akishajua kila kituo kilipo, huona hapana jambo jepesi kama kukizungushia kila kituo duara lenye nusukipenyo cha mita 400, kisha akatazama ni nyumba zipi zilizomo ndani na ni zipi zilizosalia nje. Kuchora ni kwepesi kweli, wala hakuhitaji zaidi ya mistari michache ya msimbo. Lakini duara likishaonekana kwenye kioo cha simu huwa ni kauli, na kauli hiyo husomwa na mwenyekiti wa kijiji, na diwani, na mhandisi wa wilaya ashirikiye kupanga fedha za visima, ambao hawatauona msimbo wako wala hawatakuuliza hesabu uliipataje. Dhamana ya kauli hiyo, basi, ni yako wewe uliyeiandika.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya aundaye programu ya simu, iwe ni kwa kazi ya serikali, au ya shirika, au ya jumuiya ya watumia maji kijijini kwao, naye amefika mahali pa kutaka maduara yake yaonekane juu ya ramani. Nitashikamana na mfano wa kituo cha maji tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa mfano mmoja ukifuatwa mpaka kina chake hufundisha kuliko mifano mingi iliyoguswa juu juu. Walakini kaida zilizomo zitamfaa pia ashughulikiaye zahanati, au shule, au mnara wa simu, au kitu chochote kingine ambacho manufaa yake hupimwa kwa umbali.

Lile ambalo duara laweza kulithibitisha

Fundi ajengaye nyumba ya msonge husimika kigingi katikati ya kiwanja, akafunga kamba, akaivuta mpaka ikakaza, kisha akazunguka nayo huku akitia alama ardhini hadi arudipo alipoanzia. Na programu nayo hufanya vivyo hivyo, ila kigingi chake ni jozi ya namba na kamba yake ni hesabu. Sasa, kamba iliyokazwa hupita juu ya kila kitu kwa mstari ulionyooka, ilhali binadamu mwenye ndoo kichwani hapiti juu ya kitu: huliepuka korongo, huuzunguka uzio wa shamba la watu, hukifuata kivuko mahali kilipo hata kama kiko mbali, na wakati wa masika huenda akaiacha njia ya kiangazi na kushika nyingine iliyo ndefu kuliko hiyo.

Katika hayo hutoka kanuni ambayo nakuomba uishike katika kazi yote hii. Madhali njia ya miguu haiwezi kamwe kuwa fupi kuliko mstari ulionyooka, nyumba iliyo nje ya maduara yote imethibitika kuwa iko zaidi ya mita 400 kutoka kila kituo, maadamu vitovu vimepimwa sawasawa. Bali nyumba iliyo ndani ya duara haijathibitika kuwa iko karibu, kwani korongo moja laweza kuigeuza safari ya mita 300 kuwa ya mita 900. Duara, kwa hiyo, ni shahidi mwaminifu wa upungufu, wala si shahidi wa utoshelevu. Atakaye kuonyesha mahali palipokosa maji na alitumie bila ya hofu. Atakaye kutangaza kwamba kijiji kimekwisha kutoshelezwa na asilitumie peke yake.

Aidha, si kila umbali hutaka duara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataja mita 60 kutoka ukingo wa mto, au ziwa, au ufuko wa bahari, ambamo shughuli za kudumu za wanadamu zimezuiwa. Na kwa kuwa mto ni mstari wala si nukta, umbali huo huchorwa kama ukanda ufuatao maungo ya mto, si kama duara lililosimikwa mahali pamoja kwenye ukingo wake. Jiulize kwanza, kabla ya kuandika neno lolote la msimbo, kama kitu unachokishughulikia kina kitovu kimoja. Kikiwa nacho, endelea. Kisipokuwa nacho, tafuta umbo jingine.

Kukipata kitovu

Kitovu cha duara huandikwa kwa namba mbili: latitudo, ambayo hueleza mahali palivyo kaskazini au kusini ya Ikweta, na longitudo, ambayo hueleza palivyo mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich. Kusini ya Ikweta latitudo huwa hasi, hata Dar es Salaam ikaandikwa karibu na −6.8 kwa latitudo na 39.3 kwa longitudo. Namba hizo ni mbili tu, na makosa yake hayazidi mawili, lakini ni makosa yasiyo na huruma: ukiisahau alama ya hasi, duara lako litaangukia Ethiopia, na ukizibadilisha namba nafasi zake, utajikuta Hispania, katika jimbo la Extremadura karibu na mpaka wa Ureno. Wala kubadilisha huko hakutokani daima na uzembe, kwa maana zana zenyewe hazikupatana: ramani za Google na za Apple hutaka latitudo itangulie, ilhali GeoJSON, mtindo wa kuandika data za ramani ambao kanuni zake zimo katika waraka RFC 7946 wa mwaka 2016, hutaka longitudo itangulie. Data inapovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, igeuze mahali pamoja tu katika msimbo wako, pawe mahali panapojulikana na kujaribiwa, wala usiiachie kila sehemu ya programu kazi ya kugeuza kwa namna yake.

Zingatia pia idadi ya tarakimu zifuatazo nukta. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, basi tarakimu tatu baada ya nukta hutofautisha mahali kwa mita 111, tarakimu nne kwa mita 11, na tarakimu tano kwa mita moja hivi. Orodha ya vituo iliyopunguzwa hadi tarakimu tatu, kama zionekanavyo orodha nyingi zilizopita mikononi mwa watu wengi, yaweza kukisogeza kituo mita 50 na zaidi kutoka mahali pake, na kosa hilo katika duara la mita 400 latosha kuzitia ndani nyumba zisizostahili na kuzitoa nje zilizostahili. Ukiletewa orodha ya namna hiyo usiichore. Rudi kituoni ukapime upya.

Upimapo kwa simu, simama kituoni penyewe, mahali ambapo mbingu haikufunikwa na mti wala bati, kisha subiri. Simu haitoi mahali tu, bali hutoa pamoja napo kadirio la usahihi wake kwa mita: katika Android namba hiyo ni nusukipenyo cha duara ambalo ndani yake pana uwezekano wa 68 katika 100 kuwa mahali pa kweli pamo, na katika simu za Apple namba hiyo ikiwa hasi maana yake ni kwamba usomaji wenyewe haufai. Programu yako na iukatae usomaji wenye usahihi hafifu kuliko mita 10, na iuhifadhi ule ulio bora pamoja na usahihi wake na tarehe yake. Kwani ajaye baada yako atataka kujua kigingi kilisimikwa na nani, lini, na kwa uthabiti wa kadiri gani. Na kwa kuwa ramani nyingi za simu hulizungushia duara la samawati lile doa lionyeshalo mahali alipo mtumiaji, likiwa ni duara la shaka ya kipimo, usiyape maduara yako ya huduma rangi ya samawati, mtu asije akayasoma mambo mawili yasiyohusiana kana kwamba ni jambo moja.

Mita za ardhini na pikseli za kioo

Hapa ndipo wengi hupotea, nao hupotea kwa sababu kosa halionekani mara moja. Ziko zana zichorazo duara kwa mita za ardhini, na ziko zichorazo duara kwa pikseli za kioo. Duara la kwanza hukua na kusinyaa pamoja na ramani, la pili hubaki na ukubwa ule ule hata ukiikuza ramani mpaka uone paa la nyumba. Duara la pikseli ni alama ya kuonyesha mahali, wala halina umbali wowote ndani yake. Na mtu akilichukua kuwa ni mita 400 atakuwa amehadaika, nawe ndiwe utakayekuwa umemhadaa.

Katika Android, utumiapo ramani za Google, kazi hufanywa na CircleOptions, ambayo hupewa kitovu, nusukipenyo kwa mita, upana wa ukingo kwa pikseli, rangi ya ukingo na rangi ya ndani, kisha ikatiwa katika ramani kwa amri ya addCircle. Usipotaja chochote juu ya rangi utapata ukingo mweusi wa pikseli 10 na ndani patupu. Kitu kirudishwacho na amri hiyo kihifadhi, kwa kuwa ndicho utakachokitumia baadaye kubadili nusukipenyo, au kuhamisha kitovu, au kuliondoa duara. Na ukitaka duara lisikie kidole cha mtumiaji, sharti uliamrishe, kwani kwa desturi yake halisikii.

Katika simu za Apple mambo yamegawanywa mara mbili: MKCircle hubeba kitovu na nusukipenyo kwa mita, bali rangi na ukingo hubebwa na MKCircleRenderer, nayo ramani huiomba kwa mwakilishi wake wakati wa kuchora. Ikiwa hukumweka mwakilishi huyo, au hakuirudisha MKCircleRenderer hiyo, duara litakuwamo katika ramani lakini halitaonekana, wala kosa lolote halitatangazwa. Basi duara likikosekana anza kutafuta hapo kabla ya kuzitilia shaka namba zako.

Kwa wanaotumia Flutter, kifurushi cha google_maps_flutter huchukua mita. Lakini kile cha flutter_map huchukua pikseli mpaka umekiambia, kwa useRadiusInMeter, kwamba unataka mita. Katika Leaflet, circle ni ya mita na circleMarker ni ya pikseli, majina mawili yanayokaribiana kiasi cha kuponza. Na tabaka la maduara la Mapbox hupimwa kwa pikseli, hivyo atakaye mita huko hana budi kuchora poligoni, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi, na sharti lifanywe kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Kwanza ikuze ramani na kuirudisha, uone kama duara hukua na kusinyaa pamoja na barabara na nyumba zilizo chini yake. Kisha weka alama nne za majaribio: moja kaskazini ya kitovu kwa kuongeza 0.0036 ya digrii kwenye latitudo, ya pili kusini kwa kupunguza kiasi hicho hicho, na mbili mashariki na magharibi kwa kuongeza na kupunguza kiasi hicho hicho kwenye longitudo. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, kama zetu, alama zote nne hazina budi kukaa ukingoni mwa duara au hatua chache tu kutoka hapo. Na mojawapo ikikaa mbali, basi ama kipimo kimekosewa, ama namba za kitovu zimebadilishana nafasi.

Pale ambapo zana haina duara

GeoJSON haina umbo la duara hata kidogo. Ina nukta, na mistari, na poligoni. Kwa hiyo atakaye kuihifadhi kazi yake katika mtindo huo, au kuichora katika Mapbox, hana budi kulijenga duara kwa nukta nyingi zilizounganishwa. Kwa duara dogo kama letu hesabu yake ni hii, ambapo r ni nusukipenyo kwa mita na θ ni pembe inayozunguka ikishuka kutoka 360 hadi 0:

latitudo ya nukta = latitudo ya kitovu + (r ÷ 111,320) × kosini ya θ

longitudo ya nukta = longitudo ya kitovu + (r ÷ (111,320 × kosini ya latitudo ya kitovu)) × sini ya θ

Ile kosini ya latitudo katika mstari wa pili usiiache, ingawa ukiijaribu kwetu utaona haileti tofauti kubwa. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri mtu aendavyo kwenye ncha za dunia. Dodoma, iliyo karibu na latitudo −6.2, kuiacha hulipunguzia duara la mita 400 mita mbili na ushei tu kila upande, mashariki na magharibi, lakini Maskati hulipunguzia mita 33 hivi, na London hulibana mpaka mita 400 zikawa 249, na duara likawa yai. Programu iliyoandikwa Dodoma yaweza kesho kutumiwa kwingineko, na kosa lililojificha karibu na Ikweta hudhihirika likisafiri. Kumbuka pia kwamba lugha nyingi za programu hutaka pembe kwa radiani wala si kwa digrii.

Idadi ya nukta ichague kwa hesabu, si kwa kukisia. Pande za poligoni hukata ndani ya duara la kweli, na katika duara la mita 400 pande 12 hupoteza takriban mita 14 katikati ya kila upande, pande 36 hupoteza mita moja na nusu, na pande 64 hupoteza chini ya nusu mita, kiasi ambacho ni kidogo kuliko shaka ya kitovu chenyewe; kwa hiyo 64 zatosha, na kuzidisha ni kuibebesha simu mzigo usio na faida. Nukta ya mwisho sharti iwe ile ile ya kwanza, ndipo poligoni ifungike, na nukta zipangwe kinyume cha mwendo wa saa, kama waraka ule wa mwaka 2016 uamuruvyo.

Ukipenda kumwachia mwingine hesabu hii, maktaba ya Turf hukujengea duara la pande 64 bila ya kuulizwa. Ila tahadhari na kipimo chake, kwani usipokitaja huchukua kilomita. Aandikaye 400 akidhani ni mita hupata duara la kilomita 400, ambalo eneo lake hupita kilomita za mraba 500,000, yaani zaidi ya nusu ya eneo la Tanzania.

Rangi, ukingo, na maduara yapandanayo

Ramani iliyo chini ndiyo yenye habari: njia, mito, madaraja, nyumba. Duara lililojazwa rangi nzito huifuta habari hiyo mahali pale pale ambapo msomaji anaihitaji, hata asiweze kuliona lile korongo ambalo lingemfahamisha kwamba walio ng'ambo hawafiki. Kwa hiyo rangi ya ndani iwe nyepesi, karibu asilimia 20 ya ukolevu wake, na ukingo uwe mwembamba lakini mzito wa rangi, kwa sababu simu hutumiwa juani, na juani rangi nyepesi hutoweka na ukingo pekee husalia. Katika Android wepesi huo huandikwa mwanzoni mwa namba ya rangi, na asilimia 20 ni tarakimu 33 za mfumo wa kumi na sita. Katika rangi za kurasa za wavuti tarakimu hizo hizo huandikwa mwishoni, na mwenye kunakili kutoka huku kwenda kule bila ya kuangalia hupata rangi asiyoikusudia.

Jambo zito zaidi ni maduara yapandanayo. Rangi mbili za asilimia 20 zikilaliana hutoa ukolevu wa asilimia 36, na tatu hutoa karibu asilimia 49. Na jicho la mtu, lililozoea kuuona ukolevu kuwa ni wingi, husoma hapo kwamba wakaao mahali pale wana maji zaidi. Huenda wanayo, huenda hawanayo. Pengine vituo vyote vitatu vimeharibika. Ikiwa swali lako ni nani aliye nje, uzito huo hauna maana yoyote na sharti uondolewe: yaunganishe maduara yote yawe umbo moja, jambo ambalo Turf hulifanya kwa amri ya union, kisha ulijaze umbo hilo rangi moja, au, kama hesabu hiyo ni nzito kwa simu za watu wako, acha ndani patupu na uchore kingo peke yake. Na kituo kisichotoa maji kisipewe duara la rangi ile ile. Kipe ukingo wa vistari vilivyokatika na ndani patupu, ili ajuaye kusoma na asiyejua kusoma, wote waone kwamba huduma ilikuwapo nayo imekatika.

Kukuza na kurudisha ramani

Ramani za simu hukuzwa kwa madaraja, na kila daraja hulizidisha lile lililotangulia mara mbili. Karibu na Ikweta, katika daraja la 15 pikseli moja ni mita 4.8 hivi, na nusukipenyo cha duara letu huwa pikseli 84, ukubwa unaosomeka vizuri. Katika daraja la 12 hubaki pikseli 10 hivi, na katika la 10 hazifiki tatu, hata wilaya nzima ikaonekana kama iliyonyunyiziwa chembechembe zisizo na maana. Chini ya daraja la 12, basi, yafiche maduara na uweke badala yake hesabu ya kila kata au kijiji. Upande wa pili, katika daraja la 18 nusukipenyo hupita pikseli 600, kikapita upana wa kioo, ukingo usionekane, na mtumiaji akabaki ndani ya wingu la rangi asijue aliko. Hapo mwandikie kwa maneno juu ya ramani kwamba mahali alipo pako ndani, au nje, ya mita 400 za kituo fulani.

Usiyachore maduara yote ya mkoa kwa pamoja. Chora yale tu yaliyomo katika eneo linaloonekana, na uyaondoe yanapotoka. Na kwa kuwa vijiji vingi vyenye kuhitaji kazi hii havina mtandao wa kutegemewa, panga mapema ramani ikae ndani ya simu; lakini tahadhari kwamba seva za hadhara za OpenStreetMap haziruhusu kupakuliwa kwa wingi, hivyo tafuta data kwa njia zilizoruhusiwa, na utaje siku zote, kama leseni itakavyo, kwamba ramani ni kazi ya wachangiaji wa OpenStreetMap.

Kuhesabu badala ya kutazama

Macho hukosea kwenye kingo. Nyumba ikiwa imeorodheshwa, usimwachie mtu kuamua kwa kutazama kama imo au haimo; pima umbali wake kutoka kila kituo kinachofanya kazi, kwa amri ya distanceBetween katika Android au ya distance ya CLLocation katika simu za Apple, kisha uiweke katika mojawapo ya mafungu matatu: iliyo nje, iliyo ndani, na iliyo ukingoni. Fungu la ukingoni liwe na upana wa shaka ya vipimo vyako. Ikiwa kitovu kina shaka ya mita 10 na nyumba nayo ina shaka ya mita 10, basi nyumba iliyo kati ya mita 380 na 420 isihukumiwe kwa simu, bali iendewe kwa miguu. Na zile zilizo ndani, ambazo duara haliwezi kuzitolea ushahidi, zipimwe kwa njia halisi pale data za njia zilipo. Zisipokuwapo, watu wenyewe waulizwe wapitapo.

Kisha kumbuka kwamba mita 400 ni kipimo kimoja kati ya vitatu. Duara letu lina eneo la nusu kilomita ya mraba; basi palipo na watu zaidi ya 500 katika kila kilomita ya mraba, kituo kimoja kitapita watu wake 250, na lita 6,250 wanazostahili kwa siku hazitawatosha, hata kama kila nyumba imo ndani ya duara. Palipo na watu wachache kuliko hao, umbali ndio utakaobana kwanza. Programu iliyo njema huonyesha yote mawili: duara kwa umbali, na ndani yake namba ya watu.

Na ukiitumia ramani kupanga vituo vipya, usiyagusishe maduara ukingo kwa ukingo ukadhani umemaliza. Vituo vilivyopangwa kwa miraba, kila kimoja mita 800 kutoka jirani yake, huacha zaidi ya sehemu moja katika tano za ardhi nje ya maduara yote. Ili pasibaki pengo, vipangwe kwa pembetatu, na kila kituo kiwe mita 690 hivi kutoka jirani zake, hata kama maduara yatapandana.

Maneno ya chini ya ramani

Kazi haijakwisha mpaka umeandika, chini ya ramani na kwa herufi zinazosomeka bila ya kukuzwa, maneno ya kuueleza mpaka wa kauli yako. Nakushauri yawe mfano wa haya: Duara linaonyesha mita 400 kwa mstari ulionyooka, si kwa njia ya miguu. Aliye nje ya maduara yote yuko mbali na maji. Aliye ndani huenda naye yuko mbali. Vituo vilipimwa tarehe iliyoandikwa kando ya kila kimoja. Usiyafiche maneno hayo katika ukurasa wa maelezo ambao hakuna aufunguaye, wala usiyapunguze kwa ajili ya urembo, kwani picha ya ramani hukatwa, ikatumwa kwa simu, ikapigwa chapa na kubandikwa ukutani, na mahali pote huko maneno yanayotembea nayo ndiyo pekee yawezayo kukusemea. Mwanakijiji aliye nje ya maduara yote atakuwa na hoja isiyopingika kwa kipimo chochote, na aliye ndani hatanyang'anywa haki yake ya kusema kwamba njia aipitayo ni ndefu; na mwenye kugawa fedha, akiisoma ramani yako kwa uaminifu ule ule ulioichora, atajua ni wapi aanze kuchimba na ni wapi apeleke kwanza mtu wa kupima njia.